Haki ya Mwenye Msitu

Kanze wa Thoya alikuwa na mkono wa madoa. Ndivyo walivyosema wachongaji wa karakana ya Changamwe, ile iliyo nyuma ya maegesho ya malori. Wanaume walichonga, wanawake walipiga msasa, lakini chui akishalainishwa aliletwa kwa Kanze, maana chui bila madoa ni paka aliyevimba tu. Kanze aliketi kwenye kigoda kando ya jiko la makaa, akapasha ncha ya chuma mpaka ikaiva, akaigusisha ubavuni mwa mnyama. Moshi mwembamba, harufu ya mti unaoungua, doa. Kisha doa jingine. Hakutangulia kuchora kwa kalamu. Mkono ulikwenda wenyewe, kama wa mtu anayemsuka mwanawe nywele.

Madoa hayo aliyajifunza utotoni, kwenye kipande cha ngozi kuukuu kilichokuwa cha babu yake huko nyumbani, ukingoni mwa msitu wa Mleji, bara ya Kilifi. Chui mwenyewe hakuwahi kumwona. Alimsikia. Kwao hakuna aliyemtaja kwa jina jua likishatua. Walimwita mwenye msitu. Na kila mwaka baada ya mavuno baba yake, Mzee Thoya, alichagua mbuzi mmoja asiye na kilema, akamfunga kwenye shina pale msitu unapoanzia, akageuka akaenda zake bila kutazama nyuma. Hiyo ilikuwa haki ya mwenye msitu. Asubuhi palibaki kamba. Na mwaka mzima uliofuata zizi la Thoya halikuguswa, au likiguswa, watu walisema aliyegusa ni fisi, kwa kuwa fisi hana adabu wala hana mapatano na mtu.

Sasa Mzee Thoya alikuwa akiishi na Kanze huko Port Reitz, katika vyumba viwili vya kupanga chini ya njia ya ndege. Macho yalimwisha, ukungu kwanza, kisha giza. Gona, mwanawe wa kiume aliyebaki nyumbani na shamba, alikuwa mtu wa kanisa, na siku alipoachiwa zizi alisema waziwazi kwamba yeye hamfungii mnyama mbuzi, hayo ni mambo ya koma, ya mizimu. Haki ikakatika. Msitu nao ukawa umenyamaza. Ndugu na majirani waliokuja mjini waliulizwa na mzee swali lile lile kabla hawajaketi: je, analia? Wote walijibu kwamba ni miaka sasa hawajamsikia. Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu anayoistahili.

"Amenuna," alikuwa akisema. "Tumemnyima haki yake, amenuna. Akipewa, atasema."

Mwaka huu Kanze alikuwa amemwahidi. Kazi ya vinyago vya jagwa ikilipwa, mbuzi atanunuliwa, na kama Gona hataki kumfunga, atakwenda kumfunga yeye mwenyewe, hata kama ni mwanamke, na iwe iwavyo. Tangu siku hiyo mzee alikuwa na kazi. Aliagiza makumbi ya nazi, akayaloweka, akayaponda, akawa anashinda kibarazani akisokota kamba kwa vidole visivyohitaji macho.

Kazi yenyewe ya jagwa ilianza kwa kosa. Hifadhi moja ya wanyama huko Ulaya ilikuwa ikitayarisha maonyesho, ikataka vinyago vya jagwa vya kuuza mlangoni. Karakana ilipokea picha, ikaona mnyama wa manjano mwenye madoa, ikasema ah, chui, na mikono iliyochonga chui tangu enzi za wazee wao haikungoja kuangalia mara ya pili. Kanze akatia madoa. Picha zikatumwa. Asubuhi moja Griffin, katibu wa karakana, kijana wa shati lililopigwa pasi na simu mbili, akawaita watu wote mezani.

Alisema picha zimerudishwa. Wenye kazi wamesifu sana, lakini hawa ni chui, na wao hawakuagiza chui.

"Kwani jagwa ni nani?" akauliza Roseline, aliyekuwa akipiga msasa na kupiga soga kwa kiasi kile kile. "Mimi jagwa ninayemjua ni gari. Yule mkubwa wa bandari alikuwa nalo, likizimika kila penye mlima."

Griffin akaeleza kwamba gari ndilo lililoazima jina. Jagwa mwenyewe ni mnyama wa Amerika ya Kusini, jamaa wa chui lakini si chui. Akaizungusha simu wote waone. Kichwa kikubwa, taya kama mlango, miguu mifupi, mkia mfupi. Na madoa: kila ua la madoa lilikuwa pana kuliko la chui, na katikati yake mna nukta. Kanze aliinama akatazama nukta hizo kwa muda. Zilikuwa kama mbegu ndani ya tunda.

Mzee Kioko, mchongaji mkongwe kuliko wote, Mkamba aliyekuja Mombasa kijana na kuzeekea palepale Changamwe, alimgeuzageuza chui mmoja mkononi. "Miguu nitaipunguza," akasema. "Kichwa je? Mti haunenepi."

Ikakubaliwa waanze upya. Tena kwa mwarobaini na mwembe, Griffin akakumbusha, miti iliyopandwa na watu, maana wenye kazi hawataki mti wa msituni hata kijiti. Kioko akafyonya. Chui wa mwembe, alisema, ni kama pilau ya unga. Mti wa kuchonga ulikuwa muhugu, ule mgumu wa msituni, nao umekwisha, basi wachonge hata maboga.

Hapo Griffin akawasomea maelezo yaliyokuja na agizo, akiyaweka kwa Kiswahili kadiri alivyoweza. Zamani jagwa alienea tangu kusini mwa Marekani mpaka Ajentina. Leo karibu nusu ya makao yale hayumo tena. Uruguay na El Salvador amekwisha kabisa. Wataalamu wamemwandika miongoni mwa wanyama wanaokaribia kuingia hatarini, jambo ambalo Roseline alisema ni sawa na kumwambia mgonjwa ashukuru kwa kuwa bado hajalazwa. Misitu yake inakatwa na kuchomwa ipatikane malisho ya ng'ombe na mashamba ya soya. Akikosa mawindo hula ndama, na mwenye ndama humpiga risasi. Wengine humuua kwa ajili ya meno yake, yakavaliwe shingoni nchi za mbali. Na waliobaki wametengwa, kipande cha msitu huku, kipande kule, katikati barabara na mashamba, dume yuko upande huu na jike upande ule, kila mmoja anaita na hakuna anayemsikia.

"Anaitaje?" akauliza Kanze.

Griffin akatafuta, akaiweka simu mezani, akabonyeza.

Simu ikakereza. Sauti kavu, nzito, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ikatua, ikaanza tena. Watu wote kwa pamoja waligeuza shingo kutazama benchi la msumeno, waone ni nani anayekata mbao wakati wa mkutano. Hapakuwa na mtu. Wakacheka wenyewe kwa wenyewe. Kanze hakucheka. Kwa muda hakuwa Changamwe.

"Analia kama chui wetu," akasema.

"Au kama sisi," akasema Kioko, naye akaanza kucheka peke yake, mabega yakimtikisika, mpaka wakamlazimisha aseme.

Akasema. Zamani, kabla magoti hayajamsaliti, yeye na mwenzake Munga walikuwa wakienda msituni kutafuta muhugu wenyewe, usiku, kwa msumeno wa watu wawili. Walinzi wa msitu walikuwako na bunduki zao, lakini mlinzi naye ni mtoto wa mtu, hapendi kukutana na chui gizani. Basi Kioko na Munga wakajifundisha kukata kama chui anavyolia. Hawakukata moja kwa moja kama fundi. Walikata mikato michache, wakatua, wakavuta pumzi, wakakata tena. Walinzi waliposikia waligeuza njia. Wanakijiji walifunga milango.

"Tumeangusha muhugu mzima mzima," akasema, "na watu wamejifungia ndani wakinong'ona mwenye msitu anapita."

Karakana ikavunjika mbavu. Kioko, kama mchekeshaji yeyote, alipoona moto umewaka akaongeza kuni.

"Na chakula tuliletewa. Kulikuwa na mzee mmoja upande wa Mleji, Mungu ambariki popote alipo, kila mwaka baada ya mavuno akitufungia mbuzi mtini. Mbuzi mnono, tena na kamba! Munga akasema huyu si mzee, ni malaika. Tulikula mpaka mifupa."

"Na mzee mlimwachia nini?" akauliza Roseline, akijifuta machozi.

"Kamba tulimwachia. Sisi si wezi."

Kicheko kilipotulia, ndipo Roseline aliponusa moshi. Kanze alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, amemshika mmoja wa chui wale waliokataliwa, na ile ncha ya chuma ilikuwa imezama ubavuni mwa mnyama, imetoboa, na moshi ulikuwa ukitoka ndani yake.

*

Jioni ile alimkuta baba yake kibarazani. Kamba ilikuwa imefika mapajani, imelala imejikunja kama nyoka aliyeshiba. Kanze akamwamkia, mzee akaitikia, na kabla hajauliza habari za kazi akauliza habari za mbuzi.

"Awe dume," alisema. "Na sauti awe nayo. Asiyelia hafai, atamsikiaje?"

Kanze alisema bado. Akaingia ndani, akawasha jiko, akakuna nazi, akakuna mpaka akakuna kifuu. Ndege ilishuka juu ya mabati na vikombe vikagongana kabatini. Alitaka kutoka amwambie. Kisha akamwazia mzee akiwa hana kamba mikononi, na akabaki pale alipo.

Kilichomuuma si mbuzi. Mbuzi ni nyama, na nyama huliwa. Kilichomuuma kilikuwa usiku mmoja.

Alikuwa mdogo, mwaka wa mvua kubwa. Paa lilivuja na mama yake aliweka sufuria chini ya tundu, matone yakawa yanagonga bati, to, to, to. Ndipo ikaja sauti ya msituni, kavu, nzito, kwenda na kurudi. Mama'ke akamvuta, akamfunika sikio moja kwa kiganja, na kwa sikio jingine akamnong'oneza: lala, mwenye msitu anapita, hana neno na sisi. Kiganja kile kilinuka kitunguu na moshi. Mama alikufa kabla Kanze hajavunja ungo. Hakuna picha yake hata moja. Watu hubaki na picha; Kanze alibaki na kiganja kile, na matone, na chui. Katika maisha yake yote ya mjini, kila alipopiga doa kwenye mti, alikuwa akiugusa usiku ule.

Na sasa Kioko alikuwa ameuingilia na msumeno wake.

Kesho yake, watu walipokwenda kunywa chai, alimfuata Mzee Kioko kwenye benchi lake na kumwekea mahamri. Kioko akashukuru, akauma.

"Yule mzee wa mbuzi," Kanze akasema, "ni babangu."

Kioko aliacha kutafuna. Alitazama mahamri, akayarudisha kwenye karatasi polepole kana kwamba nayo yamefungwa kamba. Akaanza kusema pole, maneno yakamkatikia. Kanze akamwambia hakuja kwa ajili ya pole.

"Nataka kujua kitu kimoja. Chui mwenyewe alikuwako?"

"Alikuwako," akasema Kioko. "Kama hakuwako tungejifunza kwa nani, mwanangu? Tulipoanza tulikuwa tukimsikia upande wa bondeni. Tulimwiga yeye."

"Na mwaka wa mvua kubwa? Mlikuwako Mleji mwaka ule?"

"Ile ya El Nino? Lori lingepita wapi? Barabara yote ilikuwa mto. Mwaka ule tulikaa hapa tukichonga mabaki."

Kanze akamega hamri moja. Usiku ule ulikuwa wake. Aliyepita alikuwa chui mwenyewe.

Lakini Kioko hakuwa amemaliza, na sasa hakuwa akicheka. Alisema mvua zilipokatika walirudi. Usiku wa kwanza walikata kama kawaida, mikato michache, wakatua. Na walipotua, msitu ukakata.

"Aliitika," akasema. "Miaka yote hakuwahi kutuitikia. Nadhani zamani alikuwa na wenzake, hakuwa na haja nasi. Sasa alikuwa peke yake. Tukikata, ananyamaza. Tukitua, anaita. Munga akasema tuondoke, mimi nikasema kaa, akija karibu walinzi watazidi kuogopa. Usiku wa pili akaja karibu. Alituzunguka. Tulisikia majani. Tukawasha tochi, hatukuona kitu, ila alikuwapo hapo akitutazama." Aliyapangusa magoti yake vumbi ambalo halikuwapo. "Alikuja kumtafuta mwenzake, akakuta watu wawili na gogo. Baada ya hapo sikumsikia tena. Tulikata miaka na miaka mpaka muhugu ukaisha, na aliyekuwa akilia Mleji ni sisi."

*

Kanze alimwambia baba yake siku ya tatu. Alifikiri angetafuta maneno, lakini mzee mwenyewe ndiye aliyeufungua mlango, maana alinyoosha kamba iliyokwisha, akamwambia aipime kama inatosha kuzunguka shina.

"Baba," akasema, akaketi chini karibu na miguu yake, na akamweleza yote. Misumeno. Walinzi. Mbuzi. Usiku wa mvua. Aliyeitika.

Mzee Thoya alisikiliza akiwa ameikamata kamba kwa mikono miwili. Kanze alipofika mwisho, ndege mbili zikashuka.

"Hao watu," akasema hatimaye, "walishiba?"

"Anasema walitafuna mifupa."

Mzee akacheka, kicheko kifupi kilichogeuka kikohozi, na Kanze akainuka kumletea maji. Aliporudi, kicheko kilikuwa kimekwisha na uso umebaki wazi.

"Kwa hivyo hakununa."

"Hakununa, baba."

"Miaka yote namwita mwenye kinyongo. Nimemsingizia." Akameza maji. "Alikuwa hayuko, na mimi nikamsingizia."

Kanze aliushika mguu wa baba yake, uliokuwa mkavu na mwepesi kama kuni.

"Mlete huyo Mkamba," akasema mzee.

Kioko alikuja Jumapili baada ya kanisa, amevaa koti, amechukua sukari na majani ya chai, na kwapani ana gunia lenye kitu kirefu. Alisimama mlangoni kama mposaji ambaye wazee wameshazisikia sifa zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiwe chui?"

Kioko akavua kofia mbele ya mtu asiyemwona. "Ndimi, mzee."

"Keti. Mbuzi wangu walikuwaje?"

"Wazuri, mzee. Yule wa mwisho tu alikuwa mgumu kidogo."

"Huyo alikuwa kikongwe. Nilijua mwenye msitu ana meno, sikujua ni wewe." Akangoja mgeni aketi. "Sasa nionyeshe alivyoitika. Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyemsikia. Mimi nilisikia misumeno."

Ndipo Kioko alipofungua gunia. Mlikuwa na msumeno, na kipande cha muhugu, gogo jekundu lisilozidi urefu wa mkono, alilolificha miaka yote akingoja apate jambo la kustahili kulichonga. Kanze alilishika lisicheze. Walingoja ndege ipite. Kisha Kioko akavuta.

Sauti haikuwa kama ya kwenye simu, wala kama alivyoisimulia karakanani. Ilikuwa ya polepole. Alivuta akaacha, alivuta akaacha, kila mkato mfupi kuliko uliotangulia, na mwishoni akatua kwa muda mrefu sana, huku ameinamisha kichwa kama mtu aliyetega sikio kungoja jibu. Vumbi la muhugu likamwagika sakafuni, harufu yake tamu ikajaa chumba. Wapangaji wa jirani walichungulia mlangoni, wakaona wazee wawili na gogo, wakaondoka.

"Tena," akasema Mzee Thoya.

Kioko akavuta tena. Alipomaliza, machozi yalikuwa yakimshuka mzee bila uso kukunjamana, kama maji yanayojipitia mahali palipozoea maji.

"Basi," akasema. "Asante. Ndiye. Alikuwa hivyo nilipokuwa kijana." Akaipapasa kamba iliyokuwa kando yake. "Mbuzi ataenda."

Kanze alidhani hakusikia vizuri. "Kwa nani, baba?"

"Sijui kwa nani. Mimi wangu ni kutoa, kula ni kwake. Kama yuko hata mmoja anayepitapita huko bara, siku akifika asikute tumeshamsahau."

Hapo Kioko akasema kwamba mbuzi atampeleka yeye. Mzee akafikiri, akasema ni haki, lakini safari hii asimle.

"Magoti haya, mzee," akasema Kioko, "hata kuku ananishinda mbio."

*

Kazi ya jagwa ikaisha. Kanze alitia nukta katikati ya kila ua, moja moja, mkono ukijifunza mnyama mgeni. Kila alipomaliza mmoja alimgeuza kwenye mwanga na kumtazama, mnyama wa watu wengine, wa misitu ambayo hataiona, ambaye bado yupo na bado anaita. Alijikuta akimwombea. Roseline alimwuliza ananong'ona nini, akasema anahesabu madoa.

Mbuzi alinunuliwa, dume mwenye sauti kama tarumbeta, akapakiwa juu ya gari la Kilifi, Kioko akiwa ndani na kamba mpya magotini na msumeno ndani ya gunia. Gona alipigiwa simu na kuelezwa. Aliguna, akasema yeye hafungi, lakini mgeni ni mgeni, atampa mahali pa kulala na uji, na mgeni akifunga mbuzi wake mtini hilo si lake.

Asubuhi iliyofuata simu ililia wakati Kanze akimmiminia baba yake chai. Aliifungulia spika, akaishika kati yao.

"Mbuzi yupo," ikasema sauti ya Kioko.

Mzee Thoya hakusogea. "Yupo vipi?"

"Yupo, mzee. Hai. Anacheua. Kamba haikuguswa. Nimezunguka nikitazama nyayo, hakuna. Hata za fisi."

Tangu Thoya awe mtu mzima, tangu baba yake kabla yake, haijatokea asubuhi mbuzi yule akakutwa. Kanze alimtazama. Midomo ya mzee ilikuwa ikitembea bila sauti, na mkono wake ulitafuta kikombe, ukakikosa, ukatulia juu ya meza.

"Mwache hapo hapo," akasema. "Mpe maji, mpe majani, mwache na leo. Labda yuko mbali."

"Nitakaa naye," akasema Kioko. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mzee, msumeno ninao. Nimwite?"

Kanze alishikwa na tamaa iliyomshtua, tamaa ya kusema ndiyo, mwite, mwite mpaka mti ukatike. Aliifunga midomo yake.

"Usimwite," akasema Mzee Thoya. "Alishaitwa. Akaja, akakuta ni nyinyi. Safari hii tungoje sisi."

Akanyoosha mkono, na Kanze akampa simu. Mzee aliibandika sikioni, akamwambia Kioko asiseme kitu, aielekeze tu msituni. Chai ikapoa. Ndege ikapita juu yao na mzee akaziba sikio lile jingine kwa kiganja. Kanze alikuwa amechelewa kazini na hakuinuka. Aliketi karibu na baba yake, bega kwa bega, akisikia kutoka kwenye kile chombo kidogo upepo, na majani, na mara moja mbuzi akilia. Wakaendelea kusikiliza mpaka laini ilipokatika.